Mzee wa karanga na mizani ya kura

Ukikaa kijiweni ukasikiliza mabishano ya uchaguzi utadhani wizi wa kura una njia moja tu: sanduku limebebwa usiku, taa zimezimwa, wakala kafukuzwa kituoni. Hayo yapo na yana wasemaji wake. Mimi leo nataka nikuonyeshe ujanja mwingine, ule unaofanyika mchana kweupe kwa kalamu na ramani, miaka kadhaa kabla hujapanga mstari. Hapo haiibiwi karatasi hata moja. Kura zote zinahesabiwa, wakala wako yupo, kasaini fomu. Ila kura yako imeshapunjwa uzito, kama kilo ya sukari kwenye mizani ya muuza duka mjanja.

Mfano wangu unatoka mbali, nao wa mbali una faida yake: unaweza kuutazama bila kukasirika. Ni Queensland, dola mojawapo kati ya dola 6 zinazounda shirikisho la Australia. Queensland ina bunge lake, waziri mkuu wake na polisi wake. Ndani yake kuna jimbo la uchaguzi la mashambani, umbali wa kilomita 200 hivi kutoka jiji la Brisbane. Mji wake mkubwa ni Kingaroy. Ardhi ni nyekundu, watu wanalima karanga, wanafuga ng'ombe, na chini ya ardhi kuna makaa ya mawe. Jimbo hilo lilianza mwaka 1912 kwa jina la Nanango, mwaka 1950 likaitwa Barambah, na mwaka 2001 likarudia jina lake la kwanza. Yamebadilika majina, mipaka imesogezwa huku na kule, lakini watu ni walewale.

Mwaka 1947 wakulima wa huko walimpeleka bungeni mkulima mwenzao, Joh Bjelke-Petersen, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri mwenye asili ya Denmark. Alizaliwa New Zealand mwaka 1911, akaletwa Kingaroy akiwa mtoto mdogo, polio ikamwachia mguu wa kuchechemea, shule akaiacha mapema. Alipata hela kwa karanga na kwa kusafisha mapori: unafunga mnyororo mzito katikati ya matingatinga mawili, unayaendesha sambamba, miti yote inalala. Ndivyo alivyokuja kufanya siasa pia, lakini tusikimbilie huko.

Alipoingia bungeni alikuwa mpinzani. Tafadhali liweke hilo kichwani. Chama chake, Country Party, kilikuwa kinapigwa kila uchaguzi na chama cha Labor, chama cha wafanyakazi, ambacho kilikuwa kimeshika dola tangu mwaka 1915 na kupumzika miaka 3 tu. Mwaka 1949 wakubwa wa Labor walianza kuona kwamba kura zinapungua. Wakafanya nini? Wakatunga sheria ya kuigawa Queensland katika kanda 4, kila kanda ikapewa idadi yake ya viti. Kanda za mbali, ambako Labor ilikuwa na wachunga kondoo na wachimba madini wake, zikapewa viti vingi kuliko watu waliokuwapo. Kanda ya jiji ikapewa viti vichache kuliko watu wake.

Tuseme kwa lugha ya barabarani. Daladala moja imebeba abiria 40, nyingine imewajaza 80, wengine wananing'inia mlangoni. Ukifika kituoni unaambiwa kila daladala inatoa mjumbe mmoja. Aliyepanda ile ya watu 40 ana sauti mara mbili ya yako wewe unayening'inia. Nauli mmelipa sawasawa.

Upinzani ulipiga kelele sana juu ya sheria ile, na ulikuwa na haki. Uchaguzi wa mwaka 1950 vyama viwili vya upinzani vikijumlishwa vilipata kura nyingi kuliko Labor, lakini Labor ikaondoka na viti 42 kati ya 75. Wakubwa wakacheka na kunywa. Mtego umefanya kazi.

Basi subiri uone. Mwaka 1957 Labor ikagombana yenyewe kwa yenyewe. Chama kilimtaka Waziri Mkuu wao, Vince Gair, awape wafanyakazi likizo ya wiki 3 kwa mwaka, Gair akakaidi, wakamfukuza uanachama, akaondoka na kundi lake. Uchaguzi ukaitishwa, Labor iliyopasuka ikabwagwa. Wakulima na washirika wao wa chama cha Liberal, chama cha matajiri wa mjini, wakaingia ikulu. Sasa wenye ile kalamu na ile ramani ni wao! Unadhani wale waliopiga kelele mwaka 1949 waliifuta sheria? Thubutu. Waliirekebisha ili iwapendelee wao. Labor ikakaa nje miaka 32, inapigwa kwa rungu ililolichonga mwenyewe.

Huko Queensland, hilo halikuwa la kwanza. Serikali ya Digby Denham ndiyo iliyotunga sheria ya kumlazimisha kila raia kupiga kura, ikidhani wapinzani tu ndio wenye uwezo wa kuwakokota watu vituoni. Sheria ikatumika kwa mara ya kwanza mwaka 1915. Denham akashindwa uchaguzi, na hata kiti chake mwenyewe akakikosa.

Turudi kwa mzee wa karanga. Agosti 1968, baada ya Waziri Mkuu aliyekuwepo kufariki ghafla, Joh akakalia kiti. Mwaka 1971 mipaka ikachorwa upya. Mwaka 1972 watu wakapiga kura, na sasa naomba usome taratibu. Labor ilipata asilimia 46.7 ya kura, ikapewa viti 33. Liberal ilipata asilimia 22.2, viti 21. Country Party ya Joh ilipata asilimia 20, viti 26. Yaani chama kilichoshika nafasi ya tatu kwa kura kilishika ya pili kwa viti, na kiongozi wake ndiye akawa Waziri Mkuu. Watu wanane katika kila kumi hawakukichagua. Na hakuna sanduku lililobebwa usiku.

Wenyeji wa huko wakautungia mchezo huo jina kutokana na jina la mzee, wakauita "Bjelkemander". Jina ni lake, lakini msingi, kama ulivyoona, uliwekwa na wengine.

Huenda unajiuliza, kura ikiwa nyepesi kwangu inaniumiza nini, si mradi barabara inajengwa? Nitakueleza kilichowapata vijana wa Brisbane, maana wao ndio walikuwa abiria wa ile daladala ya watu 80.

Mwaka 1971 timu ya raga ya Afrika Kusini, timu ya makaburu, ilizuru Australia. Vijana wakataka kuandamana kuupinga ubaguzi wa rangi. Joh akatangaza hali ya hatari kwa mwezi mzima, kwa ajili ya mpira! Polisi wakaletwa kwa mamia, na usiku mmoja wakawatimua waandamanaji mbele ya hoteli walikolala makaburu. Mwaka 1977 akaenda mbali zaidi. Akatangaza kwamba zama za maandamano ya kisiasa zimekwisha. Kibali kilikuwa kinaombwa polisi, ukinyimwa unakata rufaa kwa hakimu. Sheria ikabadilishwa: ukinyimwa na polisi, rufaa yako iende kwa mkuu wa polisi! Kesi ya nyani unampelekea nani? Katika miaka 2 iliyofuata watu karibu 2,000 walikamatwa kwa kosa la kutembea barabarani.

Sisi wa huku Brisbane tunaikumbuka kwa jambo jingine. Ndiko ilikofanyika michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1982. Gidamis Shahanga alichukua dhahabu ya mita 10,000. Juma Ikangaa alimkimbiza Robert de Castella katika ile marathoni ambayo wapenzi wa riadha wanaisimulia hadi leo, akapitwa mwishoni na kushika nafasi ya pili. Mtanzania alipigiwa makofi kwenye barabara za Brisbane. Lakini wenyeji asilia wa nchi hiyo, waliotaka kutembea katika jiji hilohilo kudai ardhi yao, walitungiwa sheria maalumu ya wakati wa michezo, na waliokaidi wakakamatwa kwa makumi. Picha za televisheni zilizokuja huku zilituonyesha zaidi mbio.

Na waandishi wa habari? Mzee alikuwa na msemo wake. Kukutana na waandishi, kwake, kulikuwa sawa na kuwalisha kuku. Anamwaga punje, wanadonoa, wanatawanyika. Kama mtu ninayeishi kwa kuuza habari moja moja huku na kule, msemo huo unanichoma kwa sababu una ukweli ndani yake.

Serikali ambayo inajua hata ikichukiwa na mji mzima itarudi tu, inaogopa nini? Ndicho ninachotaka ukione. Ramani ndiyo iliyompa jeuri. Mwaka 1986 chama chake, ambacho kilikuwa kimebadili jina kuwa National Party, kilipata asilimia 39.6 ya kura na viti 49 kati ya 89, kinatawala peke yake. Labor ilipata kura nyingi kuliko hizo, asilimia 41.3, ikaambulia viti 30. Kura moja ya magharibi ilikuwa na uzito wa kura mbili za Brisbane.

Sasa kuna watu ambao hata hiyo nusu kura hawakuwa nayo, nao walikuwa karibu na nyumbani kwa Joh kuliko Brisbane. Jina Barambah lilikuwa pia jina la kambi. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya sheria ya mwaka 1897, serikali ya Queensland iliwakusanya wenyeji weusi kutoka pande zote za dola, makabila yenye lugha tofauti, ikawaweka pale pamoja. Baadaye kambi ikaitwa Cherbourg, na ipo hadi leo katika eneo lilelile la karanga. Mtu alihitaji ruhusa kutoka, ruhusa kuoa, na mshahara wake ulishikwa na serikali. Wengi hawakuuona mpaka wanakufa. Mwaka 2019 serikali ya Queensland ilikubali kulipa dola za Australia milioni 190 kumaliza kesi ya mishahara hiyo, waliolipwa wengi wakiwa wazee au watoto wa marehemu. Watu waliowekwa chini ya sheria hiyo hawakuruhusiwa kupiga kura za Queensland mpaka mwaka 1965. Joh alikuwa ameshachaguliwa mara 7. Mtu aliyefungiwa kilomita chache kutoka shambani kwake hakuwa na njia ya kumwambia lolote.

Kijana unayejiuliza kwa nini wengine wana barabara na wengine hawana, anza kuuliza hapo: nani ameandikwa katika daftari, na nani aliachwa nje wakati mipaka inachorwa.

Anguko lilikuja kwa haraka. Mwaka 1987 kiburi kilimpeleka mzee kutaka uwaziri mkuu wa Australia nzima, akaivuruga kambi yake mwenyewe, na Labor ya taifa ikashinda kirahisi. Mwezi Mei mwaka huohuo gazeti moja la Brisbane na kipindi kimoja cha televisheni vilikuwa vimeanika jinsi polisi walivyokuwa wakila rushwa za madanguro na kamari. Mzee akiwa safarini, naibu wake akaunda tume chini ya mwanasheria Tony Fitzgerald. Walidhani itamaliza kazi kwa wiki chache. Ikachimba miaka 2. Mkuu wa polisi Terry Lewis, yule mwamuzi wa rufaa za maandamano, alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Baadhi ya mawaziri nao wakaenda jela kwa kutafuna fedha za umma. Joh mwenyewe alishitakiwa kwa kusema uongo mbele ya tume. Mwaka 1991 jopo la raia waliosikiliza kesi halikuafikiana, na ikaja kujulikana kwamba aliyeliongoza jopo hilo alikuwa mwanachama wa umoja wa vijana wa National Party. Kesi haikurudiwa, kwa sababu ya umri wake. Kwa hiyo kisheria hana hatia, na mimi siongezi neno.

Kabla ya hapo, Novemba 1987, wenzake walishamchoka. Alipojaribu kuwafukuza mawaziri, wabunge wa chama chake wakachagua kiongozi mwingine, Mike Ahern. Mzee akajifungia ofisini siku kadhaa, hataki kutoka. Tarehe 1 Desemba 1987 akajiuzulu uwaziri mkuu, akaachia na kiti cha Barambah.

Hapa ndipo jimbo lenyewe linapokuwa na utamu. Kila mtu alijua Barambah ni ngome. Miaka 40 chama kilikuwa kinashinda bila jasho. Ungesimamisha gunia la karanga lenye nembo ya chama lingepita. Uchaguzi mdogo ukafanyika Aprili 1988. Chama kikamsimamisha Warren Truss, mtu mzito ambaye miaka ya baadaye alifika kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Australia. Wana Barambah wakamwangusha! Wakamchagua Trevor Perrett wa kikundi kidogo ambacho wengi hawakuwa wamewahi kukisikia.

Wapambe wakasema hiyo ni hasira ya msiba, itapita. Na kweli, kabla mwaka haujaisha Perrett akahamia National Party, watu wakaona ngome imerudi. Mwaka 1998 wapiga kura wakamtoa naye, wakamweka Dorothy Pratt wa One Nation, chama cha Pauline Hanson, kilichokuwa kikiwashambulia wahamiaji wa Asia na kulalamikia misaada ya wenyeji weusi. Simsifii mtu hapo. Hasira ya mkulima aliyesahaulika ni ya kweli, lakini aliipeleka kubisha mlango usiohusika, akamgombeza jirani wa Cherbourg badala ya wakubwa waliomsahau. Pratt mwenyewe aliondoka katika chama hicho mwaka uliofuata, akabaki mbunge asiye na chama. Akashinda tena 2001, 2004, 2006 na 2009.

Na katika chaguzi hizo mbili za mwisho unajua aliyepambana naye ni nani? John Bjelke-Petersen, mtoto wa mzee. Mzee alifariki Aprili 2005, akazikwa kwa heshima za kiserikali nyumbani Kingaroy, hata Waziri Mkuu wa Labor akaja kumzika. Mwaka uliofuata mtoto akaomba kura kwa jina lilelile, ardhi ileile, karanga zilezile. Wakamkataa. Mwaka 2009 akaomba tena. Wakamkataa tena. Walioitwa ngome ya chama walikuwa wamempenda mtu mmoja, basi. Chama kilidhani kinamiliki jimbo, kumbe kilikuwa kinapanga chumba.

Usidhani nimesahau ramani. Desemba 1989 uchaguzi mkuu ulifanyika bado kwa mipaka ya zamani, ile yenye kanda, na kila mjuzi alikuwa na hesabu ya kuonyesha kwamba upinzani hauwezi kupenya. Labor ya Wayne Goss ikachukua viti 54 kati ya 89. Vijana wa Brisbane, abiria wa daladala iliyojaa, walijitokeza wakiwa wengi mno hata mizani iliyochezewa haikuweza kuuficha uzito wao. Yule aliyekwambia kura yako haina kazi kwa sababu mfumo mbovu, mwambie hesabu yake ni nusu tu. Mfumo ulikuwa mbovu kweli. Ulihitaji watu wengi zaidi kuuangusha, si wachache zaidi.

Kisha wakafanya kitu ambacho washindi wengi hukisahau asubuhi ya pili. Fitzgerald alikuwa ameagiza iundwe tume ya kupitia upya uchaguzi na utawala. Tume ikafanya kazi hadharani, na uchaguzi wa mwaka 1992 ukafanyika bila zile kanda: viti vilevile 89, kila jimbo lisizidi wala kupungukiwa na wastani wa wapiga kura kwa zaidi ya asilimia 10. Ni majimbo machache tu makubwa kupindukia ya nyikani yaliyopewa nafuu. Labor walikuwa na kalamu mkononi tena, kama mwaka 1949. Safari hii hawakuitumia kujikatia nyama. Pengine miaka 32 ya njaa iliwafundisha, au pengine Fitzgerald alikuwa amewasha taa nyingi mno. Mimi naelemea upande wa taa.

Nanango nayo imerudi mikononi mwa warithi wa chama cha Joh. National na Liberal waliungana mwaka 2008 wakawa LNP, Pratt akastaafu, na mwaka 2012 mwanamama Deb Frecklington wa LNP akalichukua jimbo. Aliongoza upinzani toka mwishoni mwa 2017 hadi akashindwa uchaguzi wa 2020. Chama chake kiliposhinda Oktoba 2024 alipewa uanasheria mkuu wa Queensland, pamoja na wizara ya haki na ya uadilifu. Mafaili ya sheria za uchaguzi yamo katika wizara hiyo.